Amekamatwa na misokoto 12 ya bangi: je, akiri yaishe?

Mama mmoja wa Likoni, Mombasa, ameniandikia hivi:

"Kijana wangu wa pili ana miaka 22, ni mwendesha bodaboda. Alhamisi saa moja usiku alisimamishwa na polisi, wakafungua kiti cha pikipiki na kutoa mfuko wa karatasi wenye misokoto 12 ya bangi. Yeye anasema hakujua kama imo. Pikipiki si yake. Mwenzake hukaa nayo tangu alfajiri, yeye huipokea saa kumi jioni. Tumelipa dhamana ya shilingi 10,000 kituoni, akatolewa, naye atakiwa afike mahakamani Jumatatu ijayo. Risiti imeandikwa Kiingereza. Jirani alinisomea akasema ni ulanguzi wa dawa za kulevya. Mtu mmoja pale kituoni kaniambia mwanangu akiri tu, atapigwa faini ndogo na mambo yaishe. Wakili, ni kweli? Akiri?"

Mama, pole kwa haya yaliyokufika. Nikujibu kwanza lile ulilouliza, maana Jumatatu haiko mbali: asikiri. Asikiri Jumatatu, na asikiri siku nyingine yoyote kabla hajakaa na wakili na kuisoma karatasi ya mashtaka neno kwa neno. Baada ya hapo, kama kuna la kukiri, litajulikana ni lipi hasa.

Nasema hivi kwa sababu neno alilokusomea jirani ni zito kuliko misokoto yenyewe. Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Ndani yake mna vifungu viwili vinavyokaa jirani na kuchanganywa kila siku. Kifungu cha 3 kinamhusu mtu aliyepatikana na dawa. Kifungu cha 4 kinamhusu anayeilangua. Bangi ni ileile, mfuko ni uleule, hata usiku wa kukamatwa ni uleule. Linalobadilika ni neno lililoandikwa na afisa kwenye karatasi.

Sasa tazama tofauti yake. Mtu akipatikana na bangi, naye akairidhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kabla ya 2022 kosa hilohilo lilibeba kifungo cha hadi miaka 10 na halikutajiwa faini, kwa hiyo hapo sheria imelegea. Upande wa ulanguzi adhabu ni nzito mno. Kwa gramu 1 hadi 100 inataja faini inayoanzia shilingi milioni 30, au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili. Ikizidi gramu 100, inapanda hadi milioni 50 na miaka 50. Sikutishi, mama. Mahakimu wetu wanaijua tofauti kati ya mwenye misokoto 12 na mwenye jahazi la heroini, na adhabu wanazotoa kwa vijana wa misokoto huwa chini sana ya hizo. Lakini mwanao akisimama kizimbani akasema "ni kweli" kwa shtaka la kifungu cha 4, huko ndiko anakojitia. Hakuna mtu wa kituoni anayeweza kumwahidi faini ndogo, kwa kuwa mtu wa kituoni hahukumu.

Nimesimama kwenye ujia wa mahakama asubuhi nyingi za Jumatatu. Kijana anapandishwa kutoka chini, hajalala, hajaoga, ananuka seli. Karani anamsomea shtaka mbiombio. Kijana anatazama nyuma kumtafuta mamake, anasema "ni kweli", kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo mafupi, anaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi, anasema "ni sahihi". Dakika tatu, pengine nne. Nilimwuliza mmoja baadaye kwa nini alikiri. Akaniambia alidhani ameulizwa kama ni kweli alikamatwa.

Sheria inajua kwamba jambo hili hutokea, ndiyo maana imeweka utaratibu. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, mahakama hulazimika kumsomea mshtakiwa shtaka pamoja na kila kiungo cha kosa kwa lugha anayoielewa, kuandika jibu lake karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe, kisha kumsomea maelezo ya tukio na kumwuliza kama anayakubali. Akipinga neno moja la maana katika maelezo hayo, mathalani akisema "ndiyo, ilikuwa kwenye pikipiki lakini sikujua", hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana, kesi isikizwe. Na hata aliyekiri anaweza kuomba kubadilisha jibu lake kabla hajahukumiwa. Akishahukumiwa mlango unabaki mwembamba: Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348, humzuia aliyekiri kukata rufaa juu ya hatia yenyewe, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Zipo mahakama za juu zilizowafungulia waliokiri bila kuelewa, lakini hiyo ni safari ndefu, na mtu huisafiri akiwa gerezani Shimo la Tewa.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe, maana kukana bila kujua unakana nini pia hakusaidii.

Ulanguzi, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni mambo mengi: kuingiza nchini, kutoa nje, kutengeneza, kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, kusafirisha, kupeleka, kusambaza. Upana huo ndio unaoifanya polisi iandike "ulanguzi" kwa wepesi, kwa sababu aliyekuwa na kitu barabarani alikuwa pia akikisafirisha. Mahakama ya Rufaa ililiangalia jambo hili mwaka 2007, ikasema shtaka lazima lieleze ni kitendo kipi katika hivyo kinachodaiwa, na upande wa mashtaka ukithibitishe. Haitoshi kuandika "alilangua". Alilangua vipi? Aliuza kwa nani? Alisafirisha kutoka wapi kwenda wapi? Na wingi wa bangi peke yake haumgeuzi mtu kuwa mlanguzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza wakili atakalotazama ni ile sehemu ya chini ya karatasi ya mashtaka, panapoandikwa maelezo ya kosa. Juu pana jina la kosa na kifungu. Chini pana sentensi moja ndefu: fulani, tarehe fulani, mahali fulani, alipatikana akilangua bangi misokoto 12 ya thamani ya shilingi kadhaa "kwa njia ya…" Hapo penye "kwa njia ya" ndipo kesi inaposimama au kuanguka. Pakiwa patupu, wakili ana la kusema siku ya kwanza. Pakiandikwa "kwa kusafirisha", mnajua mtajibu nini. Omba nakala ya karatasi hiyo na ya taarifa za mashahidi wote. Katiba, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi atakaoletewa. Usione haya kuziomba.

Tukishuka hadi kifungu cha 3, hata "kupatikana na kitu" kuna masharti yake. Mahakama hutazama mawili: je, kitu kilikuwa mikononi mwake au chini ya mamlaka yake, na je, alijua kuwa kipo? Kuwa karibu na kitu si kuwa nacho. Kanuni ya Adhabu inasema mtu anaweza kuwa na kitu hata kikiwa mikononi mwa mwenzake au nyumbani kwa mwingine, ila neno "akijua" limo humo, na ndilo linalomhusu mwanao.

Hapa sasa ndipo nataka ukae naye chini, mama, umwulize polepole, bila hasira. Aliipokea saa kumi, alikamatwa saa moja. Hizo ni saa tatu. Kiti cha pikipiki hufunguliwa kwa ufunguo: ufunguo mwingine ulikuwa na nani? Katika saa hizo tatu aliwahi kukifungua, labda kutoa koti la mvua? Pikipiki alikabidhiwa ana kwa ana, au aliikuta stejini? Vijana wengi hupokezana kwa ujumbe wa simu, "nimeiacha kwa chairman, hesabu nimetuma", na malipo ya siku hupita kwa M-Pesa. Jumbe hizo zina saa. Asizifute, asibadilishe simu, na azipige picha leo. Mwenyekiti wa steji akijua ratiba yao, huyo ni shahidi. Mwenye pikipiki akikubali kuja kusema inaendeshwa na watu wawili, huyo pia ni shahidi. Mwambie huyo mwenye pikipiki aje mapema na logibuku yake, yaani hati ya umiliki, kwa kuwa sheria hii inaruhusu chombo kilichobeba dawa kutaifishwa, naye ana haki ya kuiomba mahakama mali yake.

Neno moja zito hapa. Asimsingizie mwenzake. Mwanao anaweza kusema "sikujua, na si mimi peke yangu ninayeitumia pikipiki hii" bila kumtaja mtu kuwa mwenye bangi asiyemjua kwa hakika. Kumtwika kijana mwingine mzigo usioujua ni dhambi, na zaidi ya hapo huvunjika haraka akianza kuhojiwa.

Na je, kama ukweli ni kwamba ilikuwa yake? Nakuuliza kwa heshima, kwa sababu mama wengi huambiwa la kuwatuliza. Ikiwa ni yake, amwambie wakili, na wakili hatakwenda kumsemea polisi. Maneno hayo yana kinga. Hapo njia inabadilika, lakini haifungwi. Wakili anaweza kuzungumza na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma shtaka lishushwe kutoka kifungu cha 4 hadi cha 3; makubaliano ya namna hiyo yamo katika sheria yetu tangu 2008. Hata kesi ikiendelea hadi mwisho, hakimu akiona ulanguzi haukuthibitishwa bali kupatikana nayo ndiko kulikothibitishwa, anaweza kumtia hatiani kwa kosa hilo dogo. Ila kumbuka maneno niliyoyataja juu: ni mshtakiwa anayetakiwa kuiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake. Hapo vitu vidogo husema. Alikuwa na mizani? Alikuwa na vikaratasi vya kufungia? Polisi waliona mtu akinunua? Alikuwa na pesa nyingi za noti ndogondogo zisizoelezeka? Misokoto 12 bila lolote kati ya hayo ni picha tofauti kabisa.

Kisha kuna bangi yenyewe. Polisi kusema "ni bangi" hakutoshi. Lazima ipelekwe kwa Mkemia wa Serikali, naye atoe ripoti. Sheria inataka dawa iliyoshikwa ipimwe uzito wote mbele ya mshtakiwa inapowezekana, na wakili wake kama yupo, ndipo sampuli ichukuliwe. Mwulize kijana: misokoto ilihesabiwa mbele yake? Ilifungwa kwenye bahasha? Alitia sahihi orodha ya vitu vilivyochukuliwa? Hapa nimeona kesi zikianguka zaidi ya popote pengine. Afisa wa kwanza anasema 12, fomu ya kwenda kwa mkemia inasema 11, ripoti inarudi na 12. Ama mfuko uliokuwa wa kahawia unaletwa mahakamani mweupe. Kila mkono uliogusa kielelezo, toka barabarani hadi maabara hadi kortini, unatakiwa uelezeke. Huu si ujanja wa mawakili wa kuwaachilia wahalifu. Ndiyo njia pekee ya kujua kwamba kilichopimwa Nairobi ama Mombasa ni kile kilichotolewa chini ya kiti kile.

Kuhusu kituoni nitapita haraka. Dhamana ile ya shilingi 10,000 hurudishwa kesi ikiisha, mradi kijana ahudhurie kila anapotakiwa. Tunza risiti kama kitambulisho. Jumatatu hakimu huenda akaiendeleza au akaweka masharti mapya, kwa hiyo nendeni na ndugu mwenye kitambulisho na, kama ipo, hati ya mali. Katiba, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu kubwa ya kumnyima. Na polisi wakimwita "aje aandike kidogo" kabla ya hapo, asiende peke yake wala asitie sahihi asichosomewa. Anayo haki ya kunyamaza. Maneno ya kukiri aliyoyasema kituoni hayasimami mahakamani hivihivi tu; sheria inataka yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa ngazi iliyotajwa asiyechunguza kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Huyo aliyekushauri akiri, usimpe pesa.

Umeandika pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba kijana alikuwa akitafuta kazi Qatar. Ndiyo maana hasa hii "faini ndogo yaishe" inaniuma. Hukumu ya dawa za kulevya huingia kwenye rekodi ya alama za vidole, na cheti cha tabia njema hutolewa kutokana na rekodi hiyo. Mawakala wa kazi za Ghuba hukitaka cheti hicho kabla ya kitu kingine. Nimewaona vijana wa Kisauni na Likoni waliolipa faini wakasahau, wakaja kukumbushwa miaka mitatu baadaye kwenye dirisha la ofisi wakiwa na pasipoti mkononi. Akitiwa hatiani kwa kosa dogo, wakili aombe hakimu afikirie kumwachilia kwa masharti, au kifungo cha nje chini ya afisa wa uangalizi, au huduma kwa jamii. Hizo zote zimo katika sheria, lakini mara nyingi hakimu huzitumia akiombwa, na akiona barua ya imamu au mchungaji, mzee wa mtaa, na mwenyekiti wa steji.

Kwa kuwa yeye ni mwendesha bodaboda, mwonye na hili: asibebe mzigo asioujua. Na akivuka Lunga Lunga kwenda Horohoro na miraa, ajue kwamba mmea ule unaouzwa hadharani Mombasa kama zao halali la Meru, ng'ambo ile huitwa mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria, mtu hufungwa kwayo.

Na ukiona dalili kwamba anatumia, si bangi tu bali unga au vidonge, usisubiri mahakama. Sheria hiihii inampa hakimu uwezo wa kuagiza sehemu ya kifungo itumikwe katika kituo cha urekebishaji, lakini matibabu hayahitaji hukumu. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192. Kwa waliozama kwenye heroini, kliniki za methadoni zipo Pwani tangu 2015, Malindi na Kisauni.

Wakili sasa. Kama huna uwezo wa kumlipa, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya mwaka 2016 kwa watu wa hali kama yako. Nenda Ijumaa, usingoje Jumatatu asubuhi. Nenda na risiti ya dhamana, namba ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi), na picha za jumbe za simu. Wakikosa mtu wa kumtuma siku hiyo, basi kijana asimame mwenyewe. Asomewe shtaka kwa Kiswahili, na kama halielewi aseme "sielewi, naomba nisomewe tena"; mkalimani ni haki yake bila malipo. Akiulizwa, ajibu kwa sauti: "Si kweli, mheshimiwa." Kisha aombe dhamana iendelee, nakala za mashtaka na taarifa za mashahidi, na muda wa kutafuta wakili. Hayo manne yanatosha kwa siku ya kwanza. Wafike saa mbili, kwa kuwa orodha ya kesi hubandikwa ukutani asubuhi, na asiyeitika jina lake likiitwa huandikiwa hati ya kukamatwa hata akiwa amekaa kwenye foleni ya feri.